Anayeruka Ndiye Anayefagia

Wapo watu ambao wakimwona kijana anaruka kutoka ukuta hadi ukuta husema, "Huyo hana kazi." Laiti wangemfuata Kiroboto siku moja tu, wangetafuta kiti wakae. Kutwa nzima alikuwa anafunika makochi, mwanamke pekee katika karakana ndefu iliyojaa vumbi la sponji, misumari midogo kaibana midomoni, mkono mmoja unavuta kitambaa na mwingine unagonga. Jioni wenzake wakienda kunyoosha migongo, yeye anabadili nguo anakwenda kuruka. Sasa nani hana kazi hapo?

Jina la Kiroboto alipewa na mama yake mzazi, kwa hasira, enzi za kumkimbiza uani na beseni la maji ya kuoga. Likamganda. Hata msimamizi wa karakana alimwita hivyo mbele za watu, mpaka mteja mmoja mgeni akauliza kwa wasiwasi kama makochi yake bado ni salama kukalia.

Kundi lao la warukaji lilikuwa dogo. Kapteni, aliyelianzisha, alikuwa mchomeleaji wa mageti, mtu mfupi mwenye sauti ya watu watatu. Ngongoti alikuwa dereva wa lori la magodoro, miguu mirefu mpaka akikaa kwenye kiti cha kawaida magoti yanamkaribia kidevu. Na mpiga picha alikuwa shemeji yake Kapteni, ambaye mkate wake wa kila siku ulitoka kwenye picha za pasipoti. Video zao zilitazamwa na watu wengi, na wengi wao walifikiri ni mchezo wa kuamka tu na kuruka.

Hebu nieleze, maana jambo hili linaniudhi. Mtazamaji anaona pumzi moja: mtu anakimbia, anaruka, anatua, anabingirika, basi. Haoni siku zilizolala nyuma ya pumzi ile. Kwanza pengo lilipimwa kwa kamba huko juu, kamba ikashushwa, pengo likachorwa kwa chaki kwenye uwanja wa nyuma ya karakana. Hapo ukikosa umekosa chaki tu, unachekwa, unarudia. Ukishaivuka chaki mpaka umechoka kuivuka, unahamia kwenye kuta fupi. Kisha unapanda juu ya paa lenyewe, na bado huruki. Unakimbia mpaka ukingoni unasimama, unarudi, unakimbia tena, unasimama, mpaka mguu ujue wenyewe zege linakwisha wapi. Na kubingirika je? Bega la Kiroboto lilibingirika juu ya mabaki ya sponji, likaja kwenye mkeka, likaja kwenye sakafu tupu, hadi mama yake alipoona michubuko akataka aambiwe jina la mwanamume anayempiga.

Walikuwa na sheria zao. Moja ilisema siku ya video hakuna kitu kipya: viatu viwe vimeshavaliwa, chakula kiwe kile ulichokizoea, hata kukata nywele subiri kesho. Nyingine ilisema anayeruka ndiye anayefagia. Mahali utakapotua unapafagia mwenyewe, kwa mkono wako, kisha unapapapasa kwa kiganja. Sheria hii ya pili ilinunuliwa kwa mguu wa Kiroboto. Mwaka uliopita kuna mwenzao aliyemwambia kwa wema kabisa, "Nimeshakufagilia, wewe njoo tu." Akaja. Alivuka vizuri, akatua vizuri, na chini ya kisigino palikuwa na kokoto ndogo, kokoto ya kudharauliwa, mguu ukaenda huku na kifundo kikabaki kule. Sauti ya mfupa ule aliisikia kabla hajasikia maumivu. Yule mwenzao mwema alihama kundi kwa aibu, na Kiroboto akabaki na plasta hadi gotini.

Mama yake alikuwa mpiga pasi kwenye duka la dobi, mwanamke wa maneno machache na mikono yenye moto. Alimuuguza bila kumlaumu, jambo ambalo Kiroboto aliliona zito kuliko lawama. Siku plasta ilipokatwa, mama alikaa kitandani kwake, akautazama mguu uliokonda, akasema, "Huu umepona mara ya kwanza na ya mwisho. Ukiuvunja tena, tafuta mama mwingine wa kuukanda."

Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na Kiroboto hakuwa mtu wa kuacha kazi kwa sababu kifaa kimepinda. Alianza kwa kutembea juu ya kingo za mitaro akienda kazini. Akaja kwenye chaki. Alianguka kwenye chaki ile mara nyingi kuliko alivyokuwa ameanguka maisha yake yote, na wenzake wa karakana walimcheka hadi wakachoka, kisha wakaanza kumpisha njia bila kuambiwa. Aliporudi kwenye kuta fupi, kifundo kilikuwa kinalia kama bawaba kavu asubuhi, lakini kilikuwa kinashika. Pengo alilolitaka lilikuwa lilelile lililomvunja, kati ya paa la kiwanda cha uchapaji na paa la ghala tupu lililo ng'ambo ya kichochoro. Hakutaka lingine.

Sasa akatokea tajiri wa viatu. Alikuwa ana viatu vya raba vya wanawake, akataka video, na katika video akataka mwanamke. Kapteni alipoleta habari hiyo, Kiroboto alicheka peke yake njia nzima ya kurudi nyumbani. Alijua hiyo ni nafasi yake, na kwamba hakuna mwanamke mwingine katika kundi. Akavaa vile viatu kila siku mpaka vikafanana na yeye. Akajishonea suruali, maana suruali za dukani zinakata hatua: akaweka kipande cha pembe nne katikati ya miguu, kitambaa cha makochi, kile kinachonyumbuka kidogo na hakichaniki hovyo.

Halafu Kapteni akamwita pembeni, pale uwanjani, na kuanza kukwaruza ardhi kwa kidole cha mguu. Mtu mwenye sauti ya watu watatu akikwaruza ardhi, ujue kuna jambo.

"Tumeamua hivi," akasema. "Utakimbia wewe mpaka karibu na ukingo, tunakata. Ngongoti ataruka, amevaa nguo zako na kilemba chako, tunampiga picha kwa nyuma. Halafu tunakuchukua wewe unainuka upande wa pili, uso unaonekana, umevaa viatu. Hakuna atakayetambua."

Kiroboto akasema, "Kwa hiyo kazi yangu ni kuinuka mahali ambapo sijatua."

"Usinielewe vibaya."

"Nimekuelewa vizuri. Ndiyo maana nimekasirika."

"Dada, mimi ndiye niliyekubeba siku ile," Kapteni akasema, na safari hii sauti ilikuwa ya mtu mmoja, tena mdogo. "Mimi ndiye niliyegonga mlango kwa mama yako nikiwa nimekupakata. Alinitazama, hakuniambia neno. Siwezi kuugonga mlango ule tena."

"Basi usiugonge. Nitarudi kwa miguu yangu."

"Nimeshaamua."

Akufukuzaye hakwambii toka. Kiroboto aliijua methali hiyo, na usiku ule haikumwacha alale. Angeweza kususa. Angeweza kuchukua suruali yake na viatu akawaachia kilemba. Lakini alijua akisusa, pengo lile litabaki la Ngongoti, na kila atakayeiona video ataambiwa ni yeye, na atalazimika kuitikia sifa za mguu wa mtu mwingine mpaka azeeke. Hilo ndilo lililomchoma: si kwamba angesahaulika, bali angesifiwa uongo. Asubuhi akamtumia Kapteni ujumbe mfupi: "Suruali ni yangu. Itakapokwenda, nitakuwepo." Na kila jioni, Ngongoti alipomaliza kufanya mazoezi ya kulivuka pengo, yeye alibaki akifanya ya kwake, bila kuombwa na mtu.

Siku ya video walipanda wote kwenye paa la uchapaji. Chini kichochoroni walikuwa wametandika magodoro mabovu ya lori la Ngongoti, magodoro ambayo yasingemwokoa mtu yeyote lakini yaliwapa moyo waliokuwa chini. Kiroboto alikimbia mpaka ukingoni kama alivyopangiwa, akasimama. Mpiga picha akasema safi. Kisha Kiroboto akajificha nyuma ya tangi la maji, akavua suruali, akavaa sketi, akamkabidhi Ngongoti suruali na kilemba.

Ngongoti alipotokea nyuma ya tangi, hata mpiga picha aliyekuwa hacheki wakati wa kazi alilazimika kugeuka. Suruali ilimwishia juu ya kifundo, ikambana mapajani kama soksi. Ngongoti mwenyewe hakuwa na raha. Alikuwa mtu mwema, na tangu mwanzo alilipokea jambo lile kama mtu aliyepewa kubeba mtoto wa jirani.

"Chuchumaa," Kiroboto akamwambia.

Akajaribu. Akaishia katikati.

"Kapteni, suruali haimruhusu huyu."

"Jua linashuka," Kapteni akajibu. "Ni kuruka tu, hatuendi kulala nayo."

Hapo ndipo kosa lilipokaa, na ni kosa ambalo wangeweza kulifanya watu kama wao tu, watu wa kupima kila kitu. Walikuwa wamepima upepo, wamepima kasi, wamehesabu hatua, Ngongoti amefagia upande wa pili na kuupapasa kama sheria inavyotaka. Viatu aliletewa vya ukubwa wake, akavivaa mapema. Lakini mazoezi yote aliyafanya na bukta yake pana. Tangu kundi lianze hakuna aliyewahi kuruka na nguo ya mwenzake, kwa hiyo nguo haikumjia mtu yeyote akilini mpaka dakika ile. Na wahenga walishasema, tena bila haya, nguo ya kuazima haisitiri matako.

Ngongoti akaanza kukimbia. Hatua za mwanzo zilikuwa fupi, mtu yeyote angeona. Alipotaka kuirefusha ile ya karibu na mwisho, suruali ikakataa, kisha ikakubali kwa kishindo: ikachanika nyuma kutoka kiunoni hadi chini. Miguu ikapotea hesabu. Mwili ulikuwa bado unakwenda. Ngongoti akajitupa chini kwa makalio, viganja vikakwaruza zege, akakomea visigino vikiwa tayari vimepita ukingo, vinaning'inia juu ya kichochoro.

Hakuna aliyecheka. Ngongoti alijivuta nyuma polepole, akakaa, akatazama viganja vyake vinavyotoka damu. "Mimi hapana," akasema. "Nimeona chini. Leo mimi hapana."

Kapteni alikuwa kashika kichwa kwa mikono miwili. Mtaani chini watu walikuwa wameshaanza kusimama na kunyoosha simu juu. Kiroboto akamsogelea Ngongoti, akamfunga viganja kwa kilemba, kisha akampa koti lake ajifunge kiunoni. "Nipe suruali yangu," akasema.

Akakaa chini palepale. Kwenye ukosi wa shati lake alikuwa na sindano ya makochi, ile iliyopinda, kama mafundi wengi wanavyotembea nayo, na uzi ambao hata meno hayaukati. Akaanza kushona. Kapteni akaja juu yake, akasema haiwezekani, akasema amekataa, akasema yeye ndiye kiongozi. Kiroboto hakujibu kwa sababu alikuwa na uzi mdomoni. Alipoukata kwa wembe, akainua macho.

"Kapteni, ukitaka kunizuia, nizuie kwa mikono. Maneno nimeshayasikia yote."

"Mwache," Ngongoti akasema kutoka alipokaa. "Mazoezi yake nimeyaona. Ananizidi."

Kapteni akageuka akatazama jua. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana pia, na kwa mtu wa sauti ile, kunyamaza kulikuwa ruhusa.

Sasa mngedhani mtu mwenye hasira angevaa na kukimbia palepale. Si Kiroboto. Alivaa suruali, akachuchumaa, akarusha magoti, akavuta mshono kwa nguvu zake zote. Akamwomba Ngongoti kilemba, akakifunga hivyohivyo na madoa yake. Kisha akachukua ufagio, akateremka ngazi za kiwanda, akavuka mtaa huku watu wakimtazama, akapanda ngazi za ghala. Upande wa pili akafagia. Palikuwa pamefagiliwa, ndiyo, na Ngongoti si mzembe. Akafagia tena. Akapiga magoti akapapasa kwa kiganja, shibiri kwa shibiri, huku mpiga picha akipiga kelele kutoka ng'ambo kwamba mwanga unakwisha. Mwanga uishe. Angefagia gizani kama ingebidi. Aliporidhika akateremka, akavuka mtaa, akapanda tena, akanywa maji, akasimama kwenye alama yake.

Aliogopa. Tuseme ukweli, aliogopa, na kifundo kikaanza kumkumbusha kila kitu. Aliuacha woga ukae ulipokaa, hakuufukuza. Akakimbia. Miguu iliujua ukingo kabla ya macho. Akasukuma zege, na palepale akajua, kabla hata hajafika katikati, kwamba kasi ilikuwa inatosha na ziada. Akatua kwa miguu yote miwili, kifundo kikabeba alichopewa, bega likashuka, akabingirika, akasimama.

Alisimama akitazama ng'ambo. Kapteni alikuwa amekaa chini, kajifunika uso kwa fulana. Ngongoti alikuwa anapiga makofi kwa migongo ya mikono, maana viganja vilikuwa vinauma. Kiroboto akainua mguu wake wa kushoto, ule uliovunjika, juu, akauzungusha polepole ili wote wauone.

Lakini dunia haiachi kitu kikae kitamu. Kamera ilikuwa imewekwa kwa ajili ya Ngongoti, ikazimwa kabla Kiroboto hajageuka, kwa hiyo ilichukua mgongo tu, kilemba, na suruali. Jua likazama kabla uso wake haujachukuliwa, tajiri wa viatu akataka video yake mapema, ikatoka hivyo. Na yupo mpita njia aliyekuwa ameshapiga picha ya Ngongoti akiwa na kilemba, suruali imepasuka, akaiweka kwenye maoni chini ya video. Mambo yakaharibika hapo. "Ni dume hilo." "Mwanamke gani wa kuruka vile?" "Wametuona wajinga." Maelfu ya watu ambao hawajawahi kuruka hata mtaro wakawa mahakimu.

Kiroboto alimpigia Kapteni. Kapteni alimwambia ukweli kama alivyouona: tajiri amefurahi, watu wanabishana, na wakibishana wanatazama, afadhali wanyamaze. "Umeruka," akasema. "Sisi tunajua."

"Ninyi mnanijua siku zote," Kiroboto akasema, akakata simu.

Alilia kidogo, kwa hasira. Kisha akaosha uso akaenda dukani kwa dobi, kwa sababu kabla ya watu wote kulikuwa na mtu mmoja aliyestahili kuambiwa na yeye mwenyewe, hata kama atafukuzwa. Njiani alipanga maneno. Alipofika mlangoni, mvuke wa pasi ukampiga usoni, na akasikia ile video ikilia kwenye simu ya mtu.

Wapiga pasi watatu walikuwa wameinamia simu ya mwenzao kijana. "Ni mwanamume," mmoja alikuwa anasema. "Tazama mabega. Na picha yake ipo hapo chini, amepasukiwa na suruali."

Mama yake Kiroboto aliweka pasi kando, akafuta mikono, akaomba simu. Akaitazama video mpaka mwisho. Akairudisha mwanzo, akaitazama tena. Kiroboto alisimama mlangoni, ameshindwa kuingia na ameshindwa kuondoka.

"Si mwanamume," mama akasema. "Huyu ni binti yangu."

"Utajuaje, mama, uso wenyewe hauonekani?"

"Nimembeba tumboni, nitahitaji uso?" Akainua macho, akamwona bintiye mlangoni. Uso wake haukulegea hata kidogo. Alimtazama kuanzia kichwani, akashuka mpaka miguuni, akakaa kwenye kifundo cha kushoto muda mrefu. "Wewe," akasema. "Mimi na wewe tutaongea nyumbani, na hutayapenda maneno yangu."

"Sawa, mama."

Kisha mama akamrudishia kijana simu yake. "Wewe unajua kuandika kwenye hicho kitu. Andika pale walipoandika wengine. Andika: mimi ni mama yake. Nilimkataza. Ameruka."

Kijana akaandika, vidole vinakimbia. "Niongeze nini, mama?"

"Hakuna cha kuongeza. Tuma."